Riba ya hatifungani ya maji Tanga imeniingia. Bibi yangu analima juu ya chanzo cha maji hayo, yeye yumo wapi kwenye hesabu?

#1 BintiWaMuheza

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu niliporudi nyumbani.

Nilikuwa kwa bibi, huko juu Muheza kwenye njia ya Amani, ujumbe wa benki ukaingia: shilingi 67,500. Ni riba ya nusu mwaka ya hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Maji Tanga. Niliweka milioni moja, riba yake ni asilimia 13.5 kwa mwaka na inalipwa kwa awamu mbili, kwa hiyo hesabu ilikaa sawasawa. Nilifurahi, sifichi. Ni fedha yangu ya kwanza kuizalisha bila kusimama kwenye jua.

Usiku huo mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Maji aliyochota bibi mtoni yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akatoa kwenye kikopo kipande cha shabu ya jiwe, ile ya vinyozi, akakizungusha ndani ya ndoo mara tano sita, akafunika na sinia. Tulipomaliza kumenya mihogo tope lote lilikuwa limetulia chini, maji ya juu yakawa meupe. Nikayamimina taratibu kwenye sufuria, na chini ya ndoo ukabaki udongo mwekundu unene wa kidole. Bibi akautazama akasema, "Huo ni wa shamba la juu la marehemu babu yako. Kila masika unashuka."

Mimi hapo ndipo nilipokwama. Kijito kile kinaingia Mto Zigi. Zigi unashuka kutoka Amani, Usambara Mashariki, unajaza bwawa la Mabayani, maji yanasafishwa kwenye mtambo wa Mowe, halafu yanakwenda Tanga mjini. Yaani riba iliyoniingia imetoka kwenye ankara ya mtu wa Chumbageni au Makorora, kwa maji yaliyopita chini ya shamba la bibi. Mimi nimelipwa kwa kukopesha. Mamlaka inalipwa kwa kusafisha na kusambaza. Anayeishi pale maji yanapoanzia, ambaye jembe lake ndilo linaloamua tope lishuke au lisishuke, hajui hata kama kuna kitu kinaitwa hatifungani.

Kwa wasioijua, nieleze kwa kifupi. Hatifungani ni mkopo. Mwenye mradi anakopa kwa watu wengi badala ya kukopa benki moja, anawalipa riba kila baada ya muda uliopangwa, na mwisho anarudisha mtaji. Ikiitwa ya kijani maana yake fedha imefungwa: iende kwenye mradi wa mazingira uliotajwa tangu mwanzo, mtu wa nje aukague, na matumizi yatolewe taarifa. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa ya kwanza mwaka 2007, Benki ya Dunia ikafuata 2008. Kwetu, mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa Kijani Bond ikitafuta shilingi bilioni 40, wananchi na taasisi wakaleta bilioni 171.82. Tanga ikafuata Februari 2024: ilitafuta bilioni 53.12, ikapata bilioni 54.72, na Mei mwaka huohuo ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Muda wake ni miaka 10. Mpango ulikuwa kutoa uzalishaji kwenye lita milioni 42 kwa siku hadi milioni 60, kupanua mtandao kwenda Muheza, Pangani na Mkinga, na kufunga dira za kulipia kabla.

Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Mamlaka ya maji ya mkoa kusimama mbele ya soko la mitaji, kufungua vitabu vyake na kuaminiwa na watu baki, ni hatua kubwa. Miaka mingi tumezoea kusubiri mfadhili. Safari hii bomba linatandazwa kwa akiba za walimu, vikoba na mifuko ya pensheni.

Lakini tuangalie upande wa kulipa. Ukikokotoa riba kwa bilioni 53.12 unapata karibu bilioni 7.17 kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Fedha hiyo haitoki Hazina, inatoka kwenye maji yanayouzwa. Sasa tope likizidi Zigi, bwawa linajaa udongo na kubeba maji kidogo. Shabu ya kutulizia tope, ileile ya bibi ila ya magunia, inaongezeka. Vichujio vinaoshwa mara kwa mara, na vinaoshwa kwa maji yaliyokwisha kusafishwa, yaani bidhaa yenyewe. Lita za kuuza zinapungua wakati gharama ya kila lita inapanda. Na masika za siku hizi mnaziona wenyewe: mvua ya mwezi inashuka kwa siku tatu, kisha kiangazi kirefu. Kwa hiyo udongo ulio chini ya ndoo ya bibi ni suala la kifedha. Mimi mwenye milioni moja yangu mle ndani unanihusu, na mwenye bilioni unamhusu zaidi.

Huko juu limefanyika nini? Nisiwe mwizi wa fadhila: kuna umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, na mamlaka ya Tanga imeshirikiana nao kwa miaka mingi kutunza chanzo. Wanastahili heshima. Lakini wengi wetu kilichotufikia ni katazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka mto, na siipingi. Walikuja watu wa ofisi moja wakapima kwa kamba, magimbi na maharage ya bibi pamoja na migomba minane vikaangukia ndani. Wakamwambia aache. Hawakusema ale nini. Akaacha mwaka mmoja, akarudi usiku usiku kama mwizi, kwenye shamba alilolima tangu ameolewa.

Pendekezo langu ni hili. Kwenye kila uniti ya maji inayouzwa itengwe shilingi 10 ya chanzo, iandikwe ndani ya mkataba wa hatifungani zijazo, ikaguliwe kama riba inavyokaguliwa. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20. Kwa lita milioni 42 kwa siku ni shilingi 420,000. Tuseme theluthi inapotea njiani kwa mabomba chakavu, bado kwa mwaka unapata zaidi ya milioni 100. Hiyo inanunua miche ya karafuu, mdalasini na pilipili manga, inalipa vibarua wa kuchimba matuta, na inamfidia mtu kama bibi misimu miwili mitatu hadi mdalasini uanze kuvunwa. Mdalasini unashika udongo, magimbi ya kung'oa kila msimu yanaufungua.

Naomba michango, hasa wenye kujua fedha.

#2 Mzee_wa_Raskazone

Mwanangu, umeandika vizuri, bibi yako nampa pole. Ila shilingi 10 yako nitailipa mimi mteja. Na bilioni 7 za riba nazilipa mimi vilevile. Nilikuwa mhasibu wa mashamba ya mkonge miaka 22, najua deni halina rangi. Kijani, bluu, likifika tarehe linadai. Usiwapambie watu.

#3 DawatiLaMikopo

Salaam. Niko benki, idara ya mikopo ya kilimo, mwaka wa tisa sasa. Benki siitaji. Naomba nieleze kwa nini fedha haipandi mlimani kwa bibi, maana watu wanadhani ni roho mbaya.

Kuna mama mmoja alikuja kwangu, mkulima wa nyanya na hoho. Alitaka vifaa vya umwagiliaji wa matone kwa ekari moja na pampu ya sola. Alikuwa na daftari la mauzo ya misimu minne, kurasa zote zimenyooka kuliko za wafanyabiashara wengi wa mjini. Dhamana yake ilikuwa nyumba isiyo na hati. Na fomu yetu ya mkopo ilidai marejesho kila mwezi, wakati nyanya zinampa fedha kila baada ya miezi minne. Nilipeleka maombi kwenye kamati yakarudi. Msimu uliofuata mvua zilikatika mapema, akapoteza shamba lote. Alikuja kunisalimia tu, hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kitu kilichomkosesha ni muda na hatari. Amana za wateja ni za muda mfupi, mdalasini unataka miaka. Benki peke yake haiwezi kubeba pengo hilo, inahitaji mtu wa kubeba sehemu ya hatari. Ndiyo maana mwaka 2021 ule mpango wa dola milioni 200 wa teknolojia za kilimo kwa mabadiliko ya tabianchi, nusu Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na nusu CRDB, ulikuwa habari kubwa kwa sisi tulio ndani. Fedha ya masharti nafuu inakaa chini, ya benki inakaa juu yake, mkulima anapata mkopo wenye muda wa kupumua.

Dada BintiWaMuheza, shilingi 10 yako kitaalamu ina thamani kuliko unavyodhani. Ukigawa milioni 100 za mwaka kwa miche utapanda miche. Ukiziweka kama dhamana ya kufidia mikopo itakayoshindikana, benki inaweza kukopesha mara kadhaa ya hizo kwa wakulima walewale. Ila iwe ya uhakika, kila mwaka, imeandikwa. Benki haikopeshi kwa ahadi ya hotuba.

#4 BintiWaMuheza

Mzee wangu wa Raskazone, shikamoo. Ni kweli, deni linadai. Lakini nakuomba tuliangalie hivi: gharama ya tope tayari unailipa. Unailipa kwenye shabu, kwenye umeme wa mtambo, kwenye siku bomba linapokauka ukanunua maji ya toroli. Kile kidumu cha toroli ndiyo maji ya bei ghali kuliko yote mjini, na wanaoyanunua ni wale wasio na tangi. Shilingi 10 kwa ndoo 50 nadhani mtu wa Makorora ataielewa akielezwa inakwenda wapi. Na bei haipangwi gizani, lazima ipite EWURA, mdhibiti wa bei za maji na nishati, na wananchi watoe maoni. Mimi nitakuwepo, nitafurahi kukuona.

Ndugu DawatiLaMikopo, hili la dhamana sikulifikiria kabisa. Asante sana. Huyo mama bado analima?

#5 DawatiLaMikopo

Analima. Alichimba kisima kwa fedha ya kikoba, ekari moja imekuwa robo ekari. Anasonga.

#6 Mkulima_Muranga

Mimi ni Mkenya, nimeletewa huu uzi na rafiki wa Arusha. Haya mnayozungumza yako kwetu, si ndoto.

Maji mengi ya Nairobi yanatoka huku milimani, mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Mwaka 2015 ilizinduliwa Hazina ya Maji ya Tana Juu na Nairobi. Waliokaa mezani ni Kampuni ya Maji ya Nairobi, KenGen ambao wana mabwawa ya umeme chini ya Tana, kampuni ya bia ya EABL, Coca-Cola na shirika la uhifadhi la TNC. Mtengeneza bia hakuja kwa sababu ya kupenda miti. Alikuja kwa sababu bia ni maji. Na kabla ya kuweka pesa walifanya hesabu: dola milioni 10 zikitumika kwa wakulima wa juu, faida kwa miaka 30 ni dola milioni 21.5, kwa maji safi zaidi, umeme zaidi na mavuno bora.

Shamba la baba yangu liko kwenye mteremko ambao ukisimama vibaya unateleza. Walimfundisha kuchimba matuta na kupanda majani ya nepia ukingoni, wakamsaidia kutandika plastiki kwenye dimbwi la kuvuna maji ya mvua. Mwanzoni alikataa nepia kwa kuwa inamla nafasi ya mahindi. Sasa ana ng'ombe wawili wa maziwa wanaokula ile nepia, na inayobaki anauzia jirani. Udongo umebaki kwake. Ukimuuliza kuhusu tabianchi atakuambia habari za maziwa, na ndiyo sababu hatang'oa.

Kitu kimoja niwaambie. Kilichosaidia ni kampuni kukubali kwamba mkulima wa juu ni sehemu ya biashara yao. Pesa zikitoka kitengo cha misaada, mkurugenzi akibadilika zinaisha. Zikiwa kwenye gharama za uzalishaji, kama chupa na kizibo, zinadumu.

#7 Mtu_wa_Gazi

Hapo #6 umenena. Nami niongeze la pwani, Kwale. Hapa Gazi na Makongeni tuna Mikoko Pamoja tangu 2013. Hekta 117 za mikoko, kama tani 3,000 za hewa ukaa inayonaswa na mikoko kwa mwaka zinauzwa kwa kampuni na watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao. Si pesa za kujengea maghorofa, lakini zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na baraza ya kijiji ndiyo inayoamua zitumike wapi. Tulipanda na mivinje ili mtu akitaka mti wa kujengea asiende kukata mkoko. Mwaka 2017 tulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Lakini dada, kuwa macho. Mlima wenu una misitu, wanunuzi wa kaboni, yaani hiyo hewa ukaa, watafika, kama hawajafika. Ndugu zangu wa kijiji kingine walitia saini mkataba wa miaka 30, kurasa hamsini za Kiingereza, siku moja, chini ya mwembe, baada ya kupewa soda. Mpaka leo hawajui tani moja inauzwa bei gani. Kenya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa 2023, mradi wa ardhi lazima uwape wanajamii angalau asilimia 40 ya mapato. Kwenu mna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na kituo cha taifa cha kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro. Waulizeni kabla ya kalamu. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya kina mama, mara mbili.

#8 Kipepeo_Amani

Wote mnaongea kama vile sisi ndio tulioharibu hewa. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen 2009 nchi tajiri ziliahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilitimia 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Sekta binafsi iliyovutwa na fedha hizo ilileta bilioni 21.9 tu. Mkutano wa Baku 2024 wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka, ila ifikapo 2035. Bibi atakuwa na miaka mingapi 2035? Kwa nini mteja wa Tanga ajikamue wakati mwenye kiwanda cha Ulaya hajalipa?

#9 BintiWaMuheza

Kipepeo, hasira yako ni yangu pia. Wanaodaiwa wadaiwe, na wadaiwe ruzuku, isiwe mkopo juu ya mkopo. Nisingependa hata neno moja la uzi huu litumike kuwapunguzia deni lao. Ila bilioni 300 zikifika leo asubuhi, zitapitia wapi hadi zifike kwenye ule mteremko? Bila umoja wa wakulima wenye akaunti, bila mkataba, bila mtu wa kupima tope, zitaishia kwenye semina. Njia tunayojenga kwa shilingi 10 zetu ndiyo hiyohiyo fedha yao italazimika kuipita. Na tukiwa tumeweka yetu kwanza, mezani tunakaa kama wenye mradi.

Mtu wa Gazi, nimechapa ujumbe wako, naupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji wiki hii.

Mkulima wa Murang'a, nilimsomea bibi habari za baba yako. Akauliza nepia ndiyo majani gani, nikamwonyesha picha. Akasema, "Kumbe ni matete. Haya mbona yapo kwa kina mama Hoza, wanayafyeka."

#10 Mzee_wa_Raskazone

Marahaba. Nimerudia kusoma usiku. Nina maswali mawili ya kihasibu. Hiyo shilingi 10 ikae akaunti gani, na nani anatia saini ya kutoa? Nimeona fedha nyingi nzuri zikifa kwa kukosa majibu ya maswali haya mawili. Ukinijibu, nitakuja huko kwenye maoni ya bei nikiwa upande wako.

#11 BintiWaMuheza

Mzee, nafikiri hivi: akaunti maalumu, tofauti na ya uendeshaji, kama ile ya kulipia riba. Watia saini watatu: mamlaka, umoja wa wakulima, na mwakilishi wa wenye hatifungani. Asipokubali mmoja fedha haitoki. Na kila mwisho wa masika kipimo cha tope pale Mabayani kibandikwe hadharani, Muheza na Tanga mjini, karibu na matumizi ya fedha, ili kila mtu aone kama inafanya kazi. Kama umeona tundu, niambie, wewe umekaa na vitabu kuliko mimi.

#12 Mtu_wa_Gazi

Dada, na bibi je? Amefidiwa?

#13 BintiWaMuheza

Bado. Ile 67,500 nilinunua miche 40 ya mdalasini na mbegu za maharage apande upande wa juu, mbali na mto. Vijana wa jirani walituchimbia matuta matatu kwa siku mbili, tukawapikia. Miche tumeipanda kwenye ukingo, pale palipokuwa na magimbi. Jana amenipigia simu: 31 imeshika, tisa imekauka, na mbuzi wa mtu amekula mmoja kati ya ile iliyoshika. Anataka kujua riba nyingine inaingia lini.